Mbwa, paka na kituo cha dharura: nani analala wapi, na kwa nini ile meseji ya hoteli si kweli

Jamani kila mwaka msimu wa vimbunga ukianza huku Houston, Marekani, yaani tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa hapa linapokea meseji ileile. Inasema sheria ya PETS, ile ya Marekani ya wanyama wa nyumbani wakati wa majanga, inalazimisha hoteli zote zipokee mbwa na paka wakati wa kimbunga, na wakikukatalia watajie tu jina la sheria. Mtu anaifowadi, mwingine anaweka dole gumba, wa tatu anashukuru. Halafu kimbunga kinakuja kweli, mtu kafungasha watoto watatu na mbwa kwenye gari, anakaa kwenye foleni ya barabara kuu masaa na masaa mpaka mji wa mbali, anafika mapokezi usiku watoto wamelala, anaambiwa hapa wanyama haturuhusu. Anabaki anamwonyesha yule dada wa mapokezi meseji kwenye simu. Dada wa watu hana kosa, meseji ndo ya uongo.

Upande wa pili wapo ndugu zetu nyumbani, wanaona video ya mtu amekumbatia mbwa kwenye boti ya uokoaji, wanauliza huko kwenu mmekuwaje, watu wanakufa nyie mnahangaika na mbwa? Swali lao ni la haki kabisa na nitalijibu, maana jibu lake ndo kiini cha hii habari yote.

Tuanze na maneno kwanza, hapa ndo wengi wanapopotea. Kituo cha dharura ni mahali pa kukimbilia ili upone, siyo hoteli. Mara nyingi ni ukumbi wa michezo wa shule, au kanisa, au ukumbi mkubwa wa mikutano, vitanda vya kukunja vimepangwa mstari kwa mstari, taa hazizimwi zote usiku, choo mnachangia, chakula mnapanga foleni. Wanaoendesha ni halmashauri ya mji, Msalaba Mwekundu, au makanisa na watu wa kujitolea. Hoteli ni biashara ya mtu binafsi yenye masharti yake, na hata mvua inyeshe mawe bado ni biashara ya mtu binafsi. Vitu viwili tofauti.

Mnyama wa nyumbani, kwa maana wanayotumia FEMA ambalo ndo shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na majanga, ni mbwa, paka, ndege, sungura, panya wa kufugwa, hata kasa, yaani yule unayemfuga kwa mapenzi tu na siyo kwa biashara, na anayeweza kubebwa na kuwekwa sehemu ya muda. Nyoka na mijusi hawamo. Samaki hawamo. Farasi, mbuzi, kuku na ng'ombe hawamo pia, hao ni mifugo na wanapangiwa utaratibu wao mwingine, na mbwa wa mashindano ya mbio naye hayumo.

Halafu kuna mnyama msaidizi, huyu watu wanamchanganya sana na kipenzi wa kawaida. Msaidizi ni mbwa aliyefundishwa kazi maalum ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu, mfano anamwongoza asiyeona, au anamshtua asiyesikia kengele ikilia. Kwa sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu huyu anaingia na mwenyewe mpaka kitandani, hatenganishwi naye, na mlangoni wanaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu kama hali haionekani wazi: je huyu mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Cheti hawaruhusiwi kudai. Lakini mbwa anayekutuliza moyo ukiwa na wasiwasi, hata ukimvalisha kile kikoti ulichonunua kwenye intaneti, kama hajafundishwa kazi yoyote basi kwa sheria hiyo bado siyo msaidizi. Sisemi hana umuhimu, nasema atahesabiwa kipenzi, jipange hivyo.

Sasa hii sheria yenyewe imetoka wapi. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Louisiana na Mississippi, kuta za kuzuia maji za New Orleans zikapasuka na karibu asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia uwanja wa Superdome. Mabasi ya kuwahamisha yalipofika wakaambiwa wanyama hawapandi. Waandishi wa habari wakaripoti habari ya mtoto wa kiume aliyekuwa na kijibwa cheupe kinaitwa Snowball, askari akamnyang'anya, mtoto akalia akikiita "Snowball, Snowball" mpaka akatapika. Nchi nzima ilisoma ile habari. Ukitaka kujua kwa nini wanasiasa wa vyama vyote viwili walikaa meza moja ndani ya mwaka mmoja, anzia kwa huyo mtoto.

Lakini machozi peke yake yasingetosha, kilichowagusa watu wa uokoaji ni hesabu. Taasisi ya Fritz Institute ilifanya utafiti mwaka 2006 kwa watu waliopitia ile Katrina, na miongoni mwa waliogoma kuhama asilimia 44 walisema sababu mojawapo ni kwamba hawakutaka kumwacha mnyama wao. Soma tena hiyo namba taratibu. Hawa siyo watu waliokosa taarifa, walisikia tangazo, walijua maji yanakuja, wakakaa. Na mtu akikaa, kesho yake kuna mwokoaji anayepanda boti kumfuata, tena kwenye maji yenye nyaya za umeme na mafuta ya magari, kwa hiyo hapo roho mbili zipo hatarini wakati ingetosha kumwambia juzi yake njoo na mbwa wako.

Ndugu zangu wa nyumbani hilo ndo jibu la swali lenu. Mlango wa kituo unafunguliwa kwa mbwa ili mwenye mbwa aingie. Na sisi hili tunalijua vizuri sana ila kwetu lina pembe na maziwa. Kule Rufiji na Kibiti mafuriko ya Aprili 2024, au ndugu zetu wa Kenya miezi hiyohiyo ya Aprili na Mei, umwambie mzee aache mbuzi wake sita apande lori akalale shuleni, atakuitikia ndio mwanangu halafu usiku anarudi kuwatazama. Hatumwiti mjinga. Tunaelewa kwamba wale mbuzi ndo ada, ndo dawa, ndo mahari. Mama wa huku anayeishi peke yake na paka, watoto wako majimbo mengine, yule paka ndo roho pekee inayomngoja akitoka kazini. Uzito unatofautiana ila kinachotokea ni kilekile, mtu anarudi kwenye maji.

Nina jirani, mama mmoja wa Uvira kule Kongo, kaja huku kama mkimbizi. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipotua Texas na mvua ikanyesha siku baada ya siku, maji yalimfika magotini sebuleni, wanawe wanampigia simu, sisi tunampigia simu, yeye jibu lake moja, "Miye siwezi toka, paka yangu nitamwachia nani?" Alishawahi kukimbia mji na kuacha kila kitu, hakutaka kuacha tena. Kilichomtoa ni kijana mmoja wa kujitolea mwenye boti ya kuvulia samaki, hakubishana naye hata kidogo, alimwomba foronya. Wakamsukumia paka ndani ya foronya, wakafunga mdomo kwa fundo legevu ili hewa ipite, kitambaa cha pamba kinapitisha, mama akampakata kifuani kama mtoto na wakatoka. Dakika tatu. Mchana kutwa tulikuwa tunamhubiria, kumbe kilichotakiwa ni foronya.

Walimpeleka kwenye ukumbi wa mikutano wa George R. Brown katikati ya mji, ule ambao siku zile ulijaa watu zaidi ya 10,000 na wanyama wakaruhusiwa kuingia. Hilo lisingewezekana kirahisi hivyo mwaka 2005.

Basi turudi kwenye sheria. Inaitwa PETS, Rais George W. Bush aliisaini tarehe 6 Oktoba 2006. Inachosema ni kwamba majimbo na miji ikitengeneza mipango yake ya majanga lazima mipango hiyo iwafikirie watu wenye wanyama wa nyumbani na wanyama wasaidizi, kabla, wakati na baada ya janga, na inaruhusu pesa ya serikali kuu itumike kwa uokoaji na makazi ya hao wanyama. Imeishia hapo. Hoteli haijatajwa kama mtu wa kulazimishwa. Wala haijasema kila kituo lazima kipokee kila mnyama.

Ni hivi, chukulia kamati ya harusi imeambiwa na ukoo kwamba lazima kwenye bajeti yenu kuwe na kipengele cha usafiri wa wageni wa mbali, bila hivyo hatuchangii. Kamati italazimika kupanga, itakodi basi, itaweka mtu wa kupokea wageni stendi. Haina maana kwamba kila mwenye gari mtaani sasa kalazimishwa kubeba wageni, wala kwamba basi litapita mlangoni kwa kila mtu. PETS imeibana kamati, haijambana jirani mwenye gari. Ni kweli hoteli nyingi wakati wa kimbunga zinalegeza masharti kwa hiari yao, na Mungu awabariki, ila piga simu kwanza usiende na meseji.

Sasa ndani ya kituo mnyama analala wapi? Hapa kuna mipangilio mitatu na ukishaijua hutachanganyikiwa tena na matangazo. Wa kwanza ni kulala pamoja kabisa, kitanda chako hapa, tundu la paka wako chini ya kitanda au pembeni, kila mtu ukumbini ana mnyama au amekubali kuwa karibu nao. Wa pili ni kukaa jirani, watu jengo hili, wanyama jengo la pili au ukumbi wa nyuma au hema la uwanjani, na wewe mwenyewe unakwenda kumlisha, kumtembeza, kumsafishia tundu. Huu wa pili ndo unaotumika sana. Fikiria shule ya bweni, kaka na dada wapo shule moja ila mabweni tofauti, wanaonana saa za kuonana na kila mmoja anajua mwenzie kala. Wa tatu ni mbali, wewe uko kituo hiki na mnyama amepelekwa kwenye makazi ya wanyama upande mwingine wa mji, unapewa karatasi yenye namba. Wakati wa Katrina kulikuwa na sehemu kubwa sana ya namna hiyo pale Lamar-Dixon huko Gonzales, Louisiana, ilisaidia wanyama wengi mno, lakini wenyewe walikuwa wametawanyishwa majimbo mengine, hawajui wampigie nani, na wengi hawakuonana tena na wanyama wao. Mimi nikiulizwa nitasema wa pili ndo mzuri kwa watu wengi, na wa tatu ubaki wa kulazimika tu.

Kwa hiyo ukisoma tangazo "kituo kinapokea wanyama" usishangilie bado, uliza kwa mpangilio gani.

Wajapani wamepata hasara kwa kuchanganya hayo hayo. Mwaka 2011 baada ya tetemeko na tsunami na ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, watu wa eneo la kilomita 20 waliamriwa kuondoka, wengi walidhani ni siku mbili tatu wakawafungia mbwa na kuwaachia chakula kidogo, hawakuruhusiwa kurudi. Ng'ombe walikufa wamefungwa kwenye mabanda. Mwaka 2013 wizara yao ya mazingira ikatoa mwongozo kwamba watu wahame pamoja na wanyama wao, na neno lililotumika ni dōkō hinan, yaani kukimbia mkiwa mmefuatana. Watu wakasikia "kukaa pamoja kituoni". Tetemeko la Kumamoto la Aprili 2016 likapiga, familia zikafika vituoni na mbwa mkononi, baadhi zikaambiwa mbwa abaki nje. Wakaenda kulala kwenye magari. Ukilala kwenye kiti cha gari usiku baada ya usiku miguu imekunjwa na maji hunywi vizuri kwa sababu choo kiko mbali, damu inaganda mguuni, bonge likipanda mpaka kwenye mapafu unaweza kufa, na Kumamoto kuna aliyelala kwenye gari akafa hivyo. Siyo wote waliolala kwenye magari walikuwa na wanyama, wengine waliogopa tu nyumba kuanguka, lakini wenye wanyama walikuwemo kati ya waliolala humo. Mwongozo ukarekebishwa 2018 na kuweka wazi kwamba kuhama pamoja ni safari, kulala pamoja ni habari nyingine inayotegemea kituo. Neno moja tu lisiloeleweka na watu wanalala kwenye gari.

Nije kwenye la dini maana naona watu wanaliogopa kulisema. Nimekulia Tanga, kwetu Waislamu wengi tunafuata madhehebu ya Shafii na mate ya mbwa ni najisi nzito, unaosha mara saba na moja iwe na udongo. Mama wa Kiswahili aliyepoteza nyumba jana akalazwa leo kwenye ukumbi ambao mbwa anapita anaramba mablanketi, atasalije? Huyo naye ana haki yake, sawa na mtoto mwenye pumu ambaye manyoya yanambana kifua, na mtu aliyeng'atwa utotoni anayetetemeka akisikia mbwa anabweka. Paka kwa Waislamu hana shida, Mtume alisema siyo najisi, ni katika wanaowazungukia. Lakini ndo maana nasema mpangilio wa pili, watu huku wanyama kule, unawapa wote nafasi bila kumfukuza yeyote. Na kama mmekuta kituo cha kulala pamoja na wewe hali yako haikuruhusu, sema mlangoni mapema, waambie unahitaji pa kusali na pa kulala, hawawezi kukisia. Wengi wetu tunanyamaza tunaona aibu halafu tunaondoka usiku na watoto.

Kingine ninachosikia ni kwamba mnyama ana akili zake, muachie mlango wazi atajiokoa. Mbwa aliyefungwa mnyororo hana akili ya kufungua kufuli. Oktoba 2024 kimbunga Milton kikielekea Florida, askari wa barabarani alimkuta mbwa amefungwa kwenye uzio kando ya barabara kuu ya 75 karibu na Tampa, maji yamempanda mpaka kifuani anabweka. Walimuokoa, wakamuita Trooper, na mwaka 2025 Florida ikapitisha sheria kwa jina lake, kumwacha mbwa amefungwa nje wakati wa janga unaweza kufungwa mpaka miaka 5 na faini ya mpaka dola 10,000. Na hata asipofungwa, mbwa aliyeachwa anakuwa mbwa koko ndani ya wiki, anakula takataka, anakutana na wengine wasiochanjwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua hiyo inaishia wapi, mpaka asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu kinatoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza ni kifo karibu kila mara. Ndo maana kitu cha kwanza utakachoulizwa mlangoni kwenye kituo cha huku ni cheti cha chanjo ya kichaa. Ukiwa nacho unapunguza maneno mengi sana.

Na hii chipu wanayoweka chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, watu wanadhani inaonyesha mnyama yuko wapi kwenye simu. Hapana. Haina betri, haitumi chochote. Ni kama namba ya usajili ya gari, mpaka mtu amshike mnyama na kupitisha kile kifaa cha kusoma ndo namba inatokea, na namba hiyo inampeleka kwenye daftari la kampuni lenye simu yako. Kama ulibadilisha laini miaka minne iliyopita na hukuwaambia, watapiga simu ya mtu mwingine. Kaangalie leo.

Wanaosema wanyama wanawalia watu chakula na kuwachukulia vitanda nao niwajibu kwa ufupi, sehemu ya wanyama kwa kawaida ina watu wake, watu wa udhibiti wa wanyama wa mji, madaktari wa mifugo na vyama vya kutunza wanyama, na chakula chao kinakuja na michango yao. Blanketi la mtoto halikatwi kumpa mbwa.

Basi kwa wa huku Texas, piga namba ya simu ya msaada 211 kabla hujaondoka, uliza kituo gani kinapokea wanyama, mpangilio upi, na je unatakiwa uje na tundu lako mwenyewe, vituo vingi vinataka uje nalo. Weka kwenye mfuko cheti cha chanjo, chakula na maji ya siku kadhaa, dawa zake, kamba, na picha yako wewe ukiwa naye, siyo yake peke yake, maana paka weusi wako mamia na hiyo picha ndo ushahidi wako kwamba ni wako. Mwenye mbwa mkali aje na kifunga mdomo na aseme ukweli.

Paka ndo mgumu zaidi kwa sababu akisikia upepo anaingia uvunguni na hatoki, na tundu analoliona mara moja kwa mwaka siku ya sindano analikimbia kama jini. Yule mama wa Uvira alijifunza. Tundu lake sasa liko sebuleni mwaka mzima, mlango wazi, katandika kipande cha kitenge cha zamani, na anamlishia humo humo. Nilipita kwake Julai 2024 usiku wa kuamkia kimbunga Beryl, anafungasha, nikamuuliza paka yuko wapi nimsaidie kumtafuta. Akaninyooshea kidole. Alikuwa keshalala ndani ya tundu, mama alikuwa amebakiza kusukuma kimlango tu.